PV iko wapi? Kopi mingi bila njia ya kuzipata

Tangu 2015 watawala wa hii inchi wako na dawa moja. Wananchi wakishuka ku barabara, ao wakingoja matokeo ya kura, intaneti inakatwa. Januari 2015 ilikatwa wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi. Desemba 2016, manda ya raisi ikiwa inaisha, rezo za kijamii zilifungwa. Na ile tunakumbuka zaidi: 31 Desemba 2018, siku moja tu nyuma ya kura, giza. Ilidumu karibu siku 20. Matokeo ya muda ya raisi yalitangazwa usiku wa kuamkia 10 Januari 2019, na mwananchi mwenye alikuwa na foto ya PV mu telefone yake hakuwa na pa kuipeleka.

Hatuandiki leo kwa kulia juu ya kukatwa. Tumelia vya kutosha, na kampuni za telefone zitaendelea kutii amri kila mara amri itakuja. Tunaandika juu ya kazi yenye iko mu mikono yetu sisi wenyewe, na yenye hatujaifanya. Rezo ilirudi. Foto zilikuwa zingali. Lakini jaribu leo kuuliza: PV ya buro fulani ya Uvira, ya 2018, iko na nani? Jibu utapata ni hili: angalia mu grupe. Grupe gani? Ile ya zamani. Admini alikuwa nani? Alibadilisha nimero. Telefone yake? Iliibwa. Kopi yake? Labda kwa ule kamarade mwingine, mwenye alienda Kampala.

Sheria inasema matokeo ya kila buro yabandikwe pale pale, watu wayaone. Njo maana kila kijana aliweza kupiga foto, bila kuiba kitu na bila kuomba ruhusa ya mutu. Maaskofu wa CENCO waliweka waangalizi karibu 40.000, wakakusanya hesabu yao kwa utaratibu wao. Sisi wengine, wananchi wa bure, tulikuwa na kitu kile kile mu mifuko, kimetawanyika. Kutawanyika kwenyewe si ubaya. Ni nguvu hata, juu hakuna mutu anaweza kukamata telefone zote. Ubaya ni kwamba hatukuwa na namna ya kutafuta ndani ya ule mutawanyiko.

Hii shida si ya Kongo peke yake. Wenye kutengeneza rezo za mashini kwa mashini, zile zenye hazina serveri ya katikati, walipambana nayo kati ya 1999 na 2002, na waliimaliza vizuri. Mu fakiltei tulisoma haya yote ku ubao, kwa chaki, mwaka mzima bila kugusa mashini. Kwa hiyo usiogope: inaeleweka hata bila mashini.

Tuanze na Napster. Ilitoka 1999, kazi ya kijana wa Marekani, Shawn Fanning, wakati ule mwanafunzi wa miaka 18. Watu walibadilishana miziki: wimbo ulibaki ku mashini ya mwenyewe, na serveri za Napster zilishika liste tu, kusema nani iko na nini. Kutafuta kulikuwa haraka sana. Unauliza liste, liste inakujibu, unaenda moja kwa moja kwa mwenyewe. Kisha kampuni za muziki zikaenda mahakamani, na Julai 2001 Napster ikazimwa. Tazama vizuri kitu kilichokufa pale. Miziki haikufutika, ilibaki ku mashini za watu, mamilioni. Kilichokufa ni liste. Na bila liste, yote ile mali ikawa sawa na haiko.

Sasa angalia miundo yetu. Kila selule iko na yule mmoja mwenye «anashika vitu»: mashini yake, akaunti yake, mot de passe yake. Ni kamarade muzuri, hatumulaumu. Lakini yeye njo Napster yetu. Wakimukamata Jumatatu, Jumanne hatujui tena tuko na nini.

Watu wakasema: basi tuondoe liste. Machi 2000 ikatoka Gnutella, ya Justin Frankel na Tom Pepper. Pale hakuna serveri, hakuna liste, hakuna mukubwa. Ukitaka kitu, unauliza majirani wako. Wao wanauliza majirani wao, na hawa wanauliza wengine, mpaka hatua 7, kisha swali linakufa. Kila mwenye amefika mu kartie asiyoijua anafahamu hii namna: unasimama ku avenyu, unapiga kelele «Nyumba ya Mama fulani ni wapi?», na kila mutu anapeleka kelele mbele.

Piga hesabu. Kila mashini ikiwa na majirani 4, swali linaenda kwa 4, kila mmoja analipeleka kwa 3 wengine, na vile vile mpaka hatua ya 7. Hiyo inaweza kufika ujumbe 4.372 kwa swali moja tu, la mutu mmoja, mwenye anatafuta wimbo mmoja. Na kama kitu kiko hatua ya 8, hutakipata, hata kama kiko. Wakati mahakama ilianza kubana Napster, watu wakamiminika ku Gnutella, na wenye laini dhaifu wakasongwa na maswali ya wengine, hakuna nafasi tena ya kupitisha jibu.

Wakamarade, hii njo WhatsApp yetu ya usiku wa kura. «Nani iko na PV ya kituo fulani?» Swali linaingia mu grupe 30, watu 200 kila moja, kila mutu anachoma mega zake kwa kusoma swali lenye halimuhusu, na mwenye iko na jibu amelala ao hana yunite. Asubuhi swali limezikwa chini ya video 60.

Kuna kidonda kingine mu Gnutella. Mwaka 2000 watafiti wawili, Eytan Adar na Bernardo Huberman, walipima rezo hiyo wakakuta karibu 70 kwa 100 ya watumiaji hawatoi fishie hata moja. Wanachukua tu. Na 1 kwa 100 ya mashini njo ilikuwa inatoa karibu nusu ya majibu yote. Kwa hiyo ile rezo «isiyo na mukubwa» ilikuwa na wakubwa wake wa kujificha: wachache wenye kubeba mzigo wa wote. Ukiangusha wale, umeangusha rezo. Kusema tu kwamba muundo wetu hauna mukubwa hakutoshi, na hii tunaijua ndani ya movema kuliko mutu yeyote.

Suluhisho likaja 2001 na 2002, na wazo lake ni la ajabu kwa urahisi. Mbele, swali lilikuwa: «Nani iko na hiki kitu?» Wao wakaligeuza: «Hiki kitu kinapaswa kuwa kwa nani?» Ukiwa na kanuni moja yenye kila mutu anaijua, na yenye inatoa jibu moja kwa wote, hauhitaji liste wala kelele. Unapiga hesabu, unajua pa kubisha hodi. Mu 2001 Ion Stoica, Robert Morris, David Karger na wenzao walitoa Chord, kazi ya MIT. Mu 2002 Petar Maymounkov na David Mazières, kutoka chuo kikuu cha New York, wakatoa Kademlia, na toka hiyo njo kuna rezo za BitTorrent na IPFS za leo.

Chukua duara, kama saa ya ukuta, lakini yenye nimero 00 mpaka 99. Kila selule inapewa nafasi yake ku duara. Tuseme, kwa mfano tu: Goma 08, Bukavu 23, Kalemie 41, Uvira 52, Bunia 66, Kisangani 79, Lubumbashi 90. Kila fishie nayo inapata nimero, kwa hesabu, mutu haichagui. Kanuni: fishie inashikwa na selule ya kwanza yenye unakutana nayo ukizunguka mbele, na kopi kwa mbili zenye zinafuata. PV yenye nimero 47? Uvira, kisha kopi Bunia na Kisangani. Yenye nimero 95? Hakuna mutu kati ya 95 na 99, unazunguka, unafika Goma 08, kisha Bukavu na Kalemie. Kijana wa Lubumbashi anaweza kujua hii hata intaneti ikiwa imekufa, kwa kalamu na karatasi. Hajauliza mutu. Hajaomba admini.

Mutu atasema: juu ya nini PV ya Uvira isibaki Uvira, na ya Goma isibaki Goma? Inaonekana ni akili. Lakini hapa Mashariki tunajua muji unaweza kubadilisha mwenye kuushika mu siku chache. Goma ilishikwa Novemba 2012, ikashikwa tena Januari 2025, na Bukavu ikafuata Februari. Ushahidi wa muji ukikaa mu ule muji tu, unakufa pamoja nao. Kanuni ya duara haijali fishie ilizaliwa wapi, inatawanya. Na selule ikianguka, haivurugi wengine wote: sehemu yake tu njo inahamia kwa yenye inafuata. Uvira ikinyamaza, swali la 47 linajibiwa na Bunia, juu kopi ilikuwa pale tangu siku ya kwanza.

Tukiwa selule 7, kila mmoja anajua wote. Tukiwa vikundi 1.000, ya kila kartie na kila territware? Hakuna mutu atashika liste ya 1.000 yenye inabadilika kila siku, tungerudi ku Napster. Hapa njo utamu wenyewe. Kila kikundi kinashika anwani chache tu: ya mwenye iko nusu ya duara mbele yake, ya robo, ya nusu ya robo, vile vile mpaka jirani wa karibu. Unajua majirani wako vizuri, na wa mbali unajua wachache. Ukitafuta nimero, unauliza yule unayemujua mwenye anaikaribia zaidi, naye anakutuma kwa mwenye iko karibu kumushinda yeye. Kila swali linakata umbali karibu nusu. Kwa vikundi 1.000, maswali kama 10. Kwa milioni moja, kama 20. Linganisha na ile kelele ya ujumbe 4.372.

Ni sawa kama unapitia kwa nyumba kumi, kisha shefu wa avenyu, kisha shefu wa kartie, lakini bila shefu. Hakuna mwenye iko juu ya mwingine, na hakuna mwenye ukimukamata unafunga njia.

Kademlia iliongeza mambo mawili yenye tunayapenda sana. La kwanza: umbali wake ni sawa pande zote mbili, mimi nikiwa karibu nawe, wewe uko karibu nami. Kwa hiyo kila ukiuliza, yule unayemuuliza anakujua naye. Rezo inajifunza vile inatumika. La pili: nafasi ya anwani ikijaa na mugeni akija, mashini inabisha kwanza kwa yule haijamusikia toka siku mingi. Akijibu, anabaki, mugeni anangoja. Juu walipima Gnutella wakaona: mashini yenye imekaa muda mrefu ku rezo njo yenye itaendelea kukaa. Wale wa leo asubuhi, haujui bado. Na kila kitu kinawekwa kwa mashini 20 zenye ziko karibu zaidi na nimero yake, halafu kopi inarudiliwa mara kwa mara, juu mashini zinazimika. Wenye kuishi na umeme wa SNEL hawahitaji maelezo marefu hapo.

Hii si ndoto ya wasomi. Septemba 2017, wakati Hispania ilikuwa inafunga tovuti za referendamu ya Catalonia, watu waliweka kopi ku IPFS, na mwaka ule ule kopi ya Wikipedia ya Kituruki iliwekwa pale wakati Uturuki ilikuwa imefunga Wikipedia.

Lakini tusidanganyane. Kuna mambo hii haitengenezi.

Kama intaneti yote imekatwa, Kademlia nayo inalala. Mu 2019 wenye walikuwa Goma na Bukavu walisogea karibu na mpaka kwa kushika rezo ya Rwanda, na si kila mutu iko na mpaka karibu. Inabaki kanuni, na kanuni inatembea hata kwa miguu. Telefone kwa telefone, kwa Bluetooth ao Xender, karte memori mu mufuko wa motari: vyote vinaweza kupeleka fishie pale duara inasema. Programu kama Briar inapitisha ujumbe kwa Bluetooth na Wi-Fi bila intaneti. Ni polepole, lakini mwenye anabeba anajua anaenda wapi.

Shida ya pili ni majina. Ile nimero inatoka ku chapa ya fishie, wenye ufundi wanaiita hashi: hesabu yenye inapita ndani ya fishie yote na kutoa nimero ndefu moja. Badilisha tarakimu moja ku foto, chapa inatoka nyingine kabisa. Hiyo inatulinda: mwenye atabadilisha PV tukiwa tumeshaandika chapa yake, tutamuona. (Haituambii kama PV ilikuwa ya kweli siku ilibandikwa. Hapo kunabaki macho ya watu.) Lakini ukali ule ule unatugeukia. WhatsApp ikituma foto kama foto, inaifinya, na chapa inabadilika. Kwa macho ni PV moja, kwa rezo ni vitu viwili vya kigeni. Na rezo ya namna hii haijui kujibu «nipe PV zote za Masisi». Inajibu nimero kamili tu. Kama hatukukubaliana jina mbele ya kura, hesabu yote hii ni bure.

Ya tatu ni adui ndani. John Douceur wa Microsoft alionyesha mu 2002 kwamba rezo yenye kila mutu anaingia bila kujulikana, mutu mmoja anaweza kujifanya watu elfu na kuzunguka nimero anayotaka kuzima. Hakuna hesabu ya kuponya hiyo. Dawa yetu ni ile ya tangu mwanzo: selule za watu wenye wanajuana kwa uso, wenye walikaa pamoja ku kashoo na ku mvua.

Na ya ine, tunaisema kwa nguvu: rezo hii si siri. Ku BitTorrent mwenye anataka anaweza kuona anwani ya mashini yenye inashika kitu. PV ilibandikwa ku ukuta, ni ya wote, iweke. Liste ya waliokamatwa, majina ya mashahidi, foto ya mama mwenye aliteswa: hapana, hata siku moja. Vile vinapita kwa avoka, mukono kwa mukono.

BitTorrent inatufundisha kitu kimoja cha mwisho. Mashini zake zinakopi kwanza kipande chenye ni adimu, chenye wachache wako nacho. Sisi tunafanya kinyume. Video ya mukubwa fulani anatukanwa iko ku telefone milioni, na PV ya kituo cha ndani ya pori iko kwa mutu mmoja, ku telefone yenye kioo kilipasuka.

Basi, mwenye iko na PV ya 2018 ao ya 2023 mu telefone ya zamani, asiitupe ku grupe. Aipe jina kwanza: mwaka, provensi, kode ya kituo, kode ya buro, kwa mustari mmoja, bila nafasi, bila jina la mutu. Aitoe kama dokima, si kama foto. Aipeleke ku selule yake, pale watapiga chapa mbele yake na kuiandika ku kaye, kwa biki. Selule yenye haina mashini iandike kwa kordinasio, tutatuma mutu na moja ya kuazima. Nafasi ya kila selule ku duara itatoka mu ujumbe unaofuata, kwa sababu nayo itapigwa kwa hesabu na hakuna mwenye ataichagua, hata sisi wenye tunaandika hapa.